Hamira yangu kwenye maji ya mrututu: imeuawa au imejiua?

#1 MtuWaRwenzori, Kasese

Wakuu, za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi tangu wiki jana. Mke wangu ameshachoka kulisikia, kwa hiyo nawaletea nyinyi.

Mimi ni mtunza maabara wa shule moja ya sekondari huku Kasese, magharibi mwa Uganda. Wanafunzi wa S5 (kidato cha tano) walinijia na swali: maji ya mto Nyamwamba yana shaba kiasi cha kuua kitu? Watoto wa huku wamekulia kwenye habari za mgodi wa Kilembe. Babu zao walichimba shaba pale kuanzia 1956, treni ikaibeba mpaka Jinja kuyeyushwa, kisha mgodi ukasimama 1982 na vilima vya makapi vikabaki kando ya mto. Mto ukifurika, kama 2013 na 2020, makapi yanateremka nao kuelekea Ziwa George. Mashine ya kupima shaba hatuna. Nikawaambia: hamira tunayo.

Tukaanza na shaba tunayoijua, ya mrututu, ule wa buluu wanaopulizia kahawa. Chupa nne za soda za nusu lita, maji ya uvuguvugu, vijiko viwili vya sukari, nusu kijiko cha hamira, puto mdomoni. Chupa A haina mrututu. B ina robo gramu kwa lita, C gramu moja, D gramu tano. Baada ya saa mbili puto la A limesimama kama kichwa cha mtoto, la B linafuata nyuma kidogo, la C limelala ubavu, la D halina habari kabisa.

Hapo hakuna ajabu. Ajabu ilikuwa kwenye hadubini. Tulitia rangi ya methilini ya buluu. Seli hai huipokonya rangi hiyo ubuluu wake, kwa hiyo unaiona nyeupe. Iliyokufa inabaki buluu. Za D karibu zote buluu. Za C tulihesabu 200, buluu zikawa 80 tu. Maana yake 120 ziko hai, sivyo? Basi tukachukua tone la kila chupa, tukalizimua kwa kipimo kilekile, tukalimwaga kwenye sahani za agari ya viazi, ule uji ulioganda wa kuoteshea vijidudu. Siku ya pili sahani ya A ina madoa 190, kila doa ukoo wa seli moja. Ya C nilitegemea mia na kitu. Ilikuwa na 11.

Zile nyingine zimekwenda wapi? Hazijapasuka, rangi inasema ni nzima, lakini hazizai. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, labda zimekata tamaa." Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka kidogo tu.

#2 KijanaWaNamuwongo, Kampala

Niko hapa na rolex yangu, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili. Ngoja niweke kambi.

Hata hamira ina mawazo siku hizi? Uchumi huu!

#3 Sikubali_Kirahisi, Mbale

Mwalimu, kabla hatujalia msiba wa hamira, maswali mawili.

La kwanza: uliziosha seli kabla ya kuzimwaga kwenye agari? Kama tone lako lilikwenda na mrututu wake, basi umezihamishia sumu nyumba mpya, zikafia huko. La pili: rangi ya methilini inapima kama seli bado ina nguvu ya kuipokonya rangi dakika ile. Mtu aliyechomwa kisu bado anapumua ukimpima dakika ile. Haina maana atafika kesho.

#4 MtuWaRwenzori, Kasese

Ssebo, swali la kwanza ni la haki. Mara ya kwanza hatukuosha. Nimesoma ujumbe wako jana usiku, leo tumerudia: tumeziosha mara mbili kwa maji yaliyotoneshwa, kwenye ile mashine ya kuzungusha kwa mkono (vijana walipokezana, mmoja akaipa jina "boda"). Madoa ya C yamepanda kutoka 11 hadi 14. A imebaki palepale, 180 na kitu. Kwa hiyo si mrututu wa kwenye tone.

La pili sina jibu.

#5 SeliNaMaji, Kampala

Mwalimu, mwanafunzi wako aliyesema zimekata tamaa alikaribia jibu kuliko darasa lililomcheka. Nilikaa miaka miwili nikitazama hamira ikifa kwa kadimiamu, metali yenye sumu, wacha nikuandikie kwa kirefu. Mwenye haraka apite.

Chupa D na chupa C si kifo kimoja kwa vipimo viwili. Ni vifo viwili tofauti.

Kwenye D shaba ni nyingi mno. Inaunguza mafuta ya utando wa seli, utando unatoboka, vya ndani vinamwagika na rangi inabaki buluu. Seli haikupata nafasi ya kufanya lolote. Hayo ni mauaji.

Kwenye C seli inapata muda. Fuata shaba inavyoingia. Nje ya seli kuna kimeng'enya Fre1, kinaigeuza shaba ya buluu kuwa shaba yenye chaji moja. Hiyo ndiyo inayopokelewa na mlango uitwao Ctr1. Hamira inaihitaji shaba, kwa hiyo mlango upo siku zote. Shaba ikizidi, seli inafanya mambo ya busara: inaushusha mlango, halafu inatengeneza kwa wingi protini ndogo ya Cup1 ambayo kazi yake ni kuikumbatia shaba isizurure. Nyuma yake kuna glutathioni, akiba kubwa ya seli ya kuzimia moto. Ndiyo sababu puto lako la B lilijaa. Robo gramu ya mrututu kwa lita ni karibu milimoli moja, na hamira ya dukani inaibeba.

Kwenye C akiba imekwisha. Shaba inayozurura inakutana na haidrojeni peroksaidi ambayo kila seli inayopumua huitoa kidogo kidogo, na hapo zinazaliwa oksijeni kali, zile zinazouma chochote kilicho karibu: mafuta, protini, DNA. Mpaka hapa bado ni ajali. Kinachofuata si ajali. Mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, zinaanza kuvuja. Protini zilizokuwa zimekaa humo na kazi zao za kila siku zinatoka na kushika kazi nyingine. Kimeng'enya cha kukata protini kiitwacho Yca1, kilichokuwa kimelala, kinaamka. DNA ndani ya kiini inakusanywa na kukatwa vipande. Na wakati huo wote utando wa nje ni mzima! Ukitia rangi, seli inakujibu "nipo". Ukiipeleka kwenye agari haizai, kwa sababu kitabu cha maagizo kimeshachanwa.

Hizo ndizo seli zako 100 na kitu.

Kwa wanyama jambo hili lilipewa jina 1972, apoptosi, neno la Kigiriki la majani kupukutika mtini. Vidole vya mtoto tumboni vinaachana kwa sababu seli za katikati zinapukutika kwa mpango. Kuna mnyoo mdogo wa maabara ambaye katika kukua kwake seli 131 hufa, 131 zilezile kwa kila mnyoo. Waliolichambua hilo walipewa Tuzo ya Nobel 2002. Lakini hamira ni seli moja. Nani alitegemea seli moja iwe na mpango wa kufa? Mwaka 1997 Frank Madeo na wenzake huko Tübingen, Ujerumani, walikuwa na hamira yenye hitilafu katika jeni moja, CDC48, wakaona inakufa ikiwa na alama zote za kupukutika. Mwaka 1999 wakaonyesha kuwa oksijeni kali peke yake inatosha kuianzisha. Mwaka 2001 timu nyingine ikaonyesha asidi ya siki inafanya vivyo hivyo. Mwaka 2002 akapatikana Yca1. Baada ya hapo zikafuata metali: aseniki, aluminiamu, shaba, manganisi, kadimiamu, risasi.

Sasa swali la Sikubali: utajuaje kwamba seli inajiua na si kwamba inakufa polepole? Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Kuna dawa, saikloheksimaidi, inayosimamisha ribosomu, yaani seli haiwezi tena kutengeneza protini mpya. (Usiitafute ya shuleni, mwalimu, ni sumu kali.) Kama seli inauawa tu, kuinyima protini kungeiharakisha. Kwa haidrojeni peroksaidi na kwa asidi ya siki ikawa kinyume: zilizosimamishwa zilipona zaidi. Umeifunga mikono, imeshindwa kujinyonga.

Ukiondoa jeni la Yca1, sehemu ya seli zinanusurika kwa kadimiamu. Sehemu, sikusema zote.

#6 KijanaWaNamuwongo, Kampala

"Umeifunga mikono, imeshindwa kujinyonga." Dada, rolex imepoa mkononi.

#7 Mama_Ajono, Soroti

Wanangu nimesoma mpaka mwisho ingawa miwani sina. Mimi napika ajono, nyie wa Kampala mnaita malwa. Pombe hii ya ulezi nimeipika miaka mingi. Mwaka juzi chungu changu kikubwa kilivunjika, mwanangu akaniletea debe la bati, lile jipya linalong'aa, kubwa kama kiti. Nikatia unga uliokaangwa, kimea, maji, nikafunika. Siku ya kwanza likachemka kidogo, siku ya pili likanyamaza. Siku ya tatu wateja wamekaa na mirija yao, nakoroga, hakuna povu, na ulimi unahisi kama umelamba ufunguo. Nikamwaga. Majirani wakasema nimerogwa na mwenye kilabu cha pili.

Je, hamira yangu nayo ilijinyonga?

#8 SeliNaMaji, Kampala

Shikamoo mama. Pole na chungu.

Aliyekuroga ni debe. Lile la kung'aa limepakwa zinki, na pombe inayochachuka ina asidi. Asidi inaila zinki taratibu, kila siku zaidi. Ladha ya ufunguo ndiyo hiyo. Zinki kidogo hamira inaipenda sana, kimeng'enya chake cha kutengeneza pombe kina zinki ndani yake na bila hiyo hakifanyi kazi. Ndiyo maana siku ya kwanza lilichemka. Siku ya pili ikawa imepita kiasi. Kama zilijinyonga au ziliuawa, kwa ladha ile uliyoieleza nahisi nyingi ziliuawa, ila bila kuziona kwa hadubini siwezi kukuapia. Ulifanya vizuri kumwaga, maana hata mnywaji angetapika. Chungu, plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Debe la bati libaki la maji ya kufulia.

#9 Mama_Ajono, Soroti

Marahaba mwanangu. Nitamwambia mwenye kilabu namdai samahani. Au nisimwambie.

#10 Sikubali_Kirahisi, Mbale

Dada SeliNaMaji, umeandika vizuri na ndiyo sababu naogopa. Maneno matamu yanapitisha mengi.

Kwanza hilo jina la apoptosi. Kwa wanyama kuna mkataji wa protini aitwaye kaspesi, naye hukata penye asidi aspatiki, moja ya matofali ya protini. Yca1 hukata kwenye matofali mengine, ajinini na laisini. Ni ndugu wa mbali wenye sura zinazofanana, lakini mmoja anakata nyama na mwingine anakata kuni. Tena Yca1 ana kazi nyingine ya kila siku, kusafisha protini zilizogandamana. Ukimwona kwenye eneo la kifo utasema ni muuaji, kumbe huenda ni mfagiaji aliyefika kufagia.

Pili, mwaka 2022 watafiti wa Marekani walionyesha seli za binadamu zikifa kwa shaba kwa njia ambayo kaspesi hazihusiki kabisa: shaba inashikamana na protini fulani za mitokondria zenye mkia wa asidi lipoiki, zinagandamana, seli inakwisha. Kwa nini hamira isiwe hivyo?

Tatu, na hili ndilo kubwa. Mnyoo akipoteza seli 131, mnyoo anabaki. Hamira ikipoteza seli moja, imepotea yote. Tabia ya kujiua itarithiwaje na mwenye kuirithi ameshakufa?

#11 NyukiWaArua, Arua

Sikubali leo umekuja na panga. Napita tu kusema uzi huu nimeusoma kwenye basi kutoka Pakwach na nimepitiliza kituo.

#12 SeliNaMaji, Kampala

Sikubali, la kwanza nakubali, na si mimi peke yangu. Mwaka 2018 kundi kubwa la wataalamu wa vifo vya hamira walikaa wakaandika mwongozo wa majina, wakashauri watu waache kurusharusha neno apoptosi na waseme kifo kinachoratibiwa, labda kama umeonyesha mashine yenyewe inayoua. Mimi nikiwa maabara nilikuwa naandika apoptosi kila mstari. Leo ningefuta nusu.

Nikueleze nilivyojifunza woga huo. Moja ya alama ni mafuta fulani, fosfatidilserini, yanayokaa upande wa ndani wa utando. Seli ikianza kupukutika yanageukia nje, na kuna protini ya kuyanasa yenye kuwaka kijani. Kwa mnyama unaitia tu. Hamira ina ukuta mgumu nje ya utando, kwa hiyo lazima uumeng'enye ukuta kwanza, na seli iliyovuliwa ukuta ni kama puto la maji: inahitaji kulala kwenye maji mazito ya sorbitoli, kitu cha jamii ya sukari, isivimbe. Siku moja, saa tatu usiku, umeme umekatika na kurudi mara mbili, nikachukua chupa ya bafa (maji ya maabara ya kuwekea seli) isiyo na sorbitoli. Zinafanana, nilikuwa nimeandika kifuniko kimoja tu. Nikaangalia kwenye hadubini: kijani kila mahali! Nikapiga simu kwa msimamizi wangu nikiwa nacheka. Akaniuliza swali moja: "Na zile ambazo hazikuguswa na kadimiamu?" Nikatazama. Kijani kila mahali. Zote zilikuwa zimepasuka, za sumu na zisizo za sumu, na ile protini ilikuwa imeingia ndani kunasa mafuta palepale yalipokaa siku zote.

Tangu siku hiyo huwa natia pia rangi nyekundu isiyoweza kupita utando mzima. Kijani bila nyekundu: utando mzima, mafuta yamegeuka. Vyote viwili: mlango umevunjwa, usiseme kitu.

La pili: metali hazifuati njia moja, hata ndani ya hamira. Watafiti wa China walionyesha 2007 kwamba shaba na manganisi zote zinaleta kifo chenye alama hizo, lakini kwa njia tofauti. Kadimiamu ni kisa kingine. Yenyewe haitoi cheche kama shaba. Ni mwizi. Inaingilia mlango wa zinki, inakaa kwenye viti vya zinki, na kila chembe moja ya kadimiamu inafungwa na glutathioni mbili na kutupwa kwenye vakuoli, mfuko wa ndani wa seli, na pampu ya Ycf1. Fanya hesabu: kila mwizi anaondoka na walinzi wawili. Walinzi wakiisha, oksijeni kali za kawaida, zile ambazo siku zote zingezimwa, zinageuka moto. Kwa hiyo anayeua si yule aliyeingia.

Na utafiti wa kadimiamu wa 2008 uliona kitu nilichokiona na mimi kila siku: seli hazifi sawa. Ndugu wa mama mmoja, jeni zilezile, chupa ileile, huyu anapukutika, yule anasimama. Kwa shaba tunajua sababu mojawapo: umri wa seli, na mahali ilipo katika mzunguko wa kugawanyika, vinabadilisha kiasi cha kimeng'enya cha kuzima moto ilichonacho saa ile sumu inapoingia. Yale madoa 14 ya mwalimu ni hao.

Na hapo ndipo jibu la swali lako la tatu linapoanzia. Hamira haikai peke yake. Doa moja kwenye agari ni mamilioni ya ndugu wenye jeni zilezile. Mmoja aliyechanika akijimaliza mapema, haendelei kula sukari, na alichobeba kinabaki kwa ndugu. Jeni la kujiua linasafiri kwa yule aliyebaki. Hilo ndilo wazo, na limejaribiwa kwenye hamira zinazozeeka: zile zinazokufa huacha chakula kinachowasaidia wachache kusimama tena. Kama linatosha kueleza metali, hapo mimi na wewe tunaweza kukaa Mbale tukabishana mpaka kahawa iishe.

#13 Sikubali_Kirahisi, Mbale

Kahawa nalipa mimi. Hadithi ya kijani kila mahali imenituliza kuliko hoja zote.

Lakini bado nasema "ndugu wananufaika" si sawa na "ilijiua ili ndugu wanufaike". Mti ukianguka na nyuki wakapata mzinga, mti haukuanguka kwa ajili ya nyuki.

#14 MjombaMpondwe, Mpondwe

Mimi ni mfanyabiashara, sayansi niliiacha P7. Hapa kwetu kuna kijana anayeyeyusha betri za magari nyuma ya nyumba kupata risasi, na watoto wanacheza pale. Naomba nijue tu: hiyo risasi nayo inafanya haya kwenye mwili wa mtu?

#15 SeliNaMaji, Kampala

Mjomba, risasi imo kwenye orodha ya hamira, lakini kwa watoto usisubiri hamira. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo ambacho hata hakimtapishi. Wahamisheni watoto leo. Vumbi lisiingie ndani na viatu, na huyo kijana aoge na kubadili nguo kabla hajambeba mwanawe. Mpelekeni mtoto hospitali apimwe damu.

#16 MtuWaRwenzori, Kasese

Wakuu nilikuwa kimya kwa sababu vijana wamenigeuza mfungwa wa maabara. Yule aliyesema zimekata tamaa alisoma uzi huu mzima kwenye simu yangu, akaja na wazo: kama tatizo ni oksijeni kali, tuzipe vitamini C, si ndiyo dawa ya oksijeni kali? Tukanunua zile tembe za machungwa. Tukasaga tembe moja kwenye chupa ya C, nyingine kwenye chupa isiyo na mrututu kabisa.

Chupa ya vitamini peke yake: puto safi, madoa kama A.

Chupa ya mrututu na vitamini: puto halikuinuka hata kidogo. Tulipoosha na kumwaga: madoa 2. Na kwenye hadubini buluu si 80 tena katika 200. Ni 163.

Dawa imeua zaidi ya sumu. Kijana amenuna. Nimwambie nini?

#17 SeliNaMaji, Kampala

Mwambie asinune, kagundua kitu ambacho watu wazima wanakosea kila siku.

Unakumbuka Fre1, kile kimeng'enya cha mlangoni kinachoigeuza shaba kuwa ya chaji moja? Vitamini C inafanya kazi hiyohiyo, tena bila foleni. Shaba ya chaji moja ndiyo inayopita mlangoni, na ndiyo inayotoa cheche ikikutana na peroksaidi. Ikishatoa cheche inarudi kuwa ya chaji mbili, na vitamini inaigeuza tena. Inazunguka. Amechukua kiberiti chenye njiti chache akakipa njiti zisizoisha. Palipo na shaba huru, vitamini C ni mwenge.

Na tazama ile 163. Umevuka kutoka kifo cha C kwenda kifo cha D bila kuongeza hata chembe ya mrututu.

#18 Sikubali_Kirahisi, Mbale

Hii nimeipenda kuliko kitu chochote kilichosemwa hapa, na nimeudhika kwamba si wazo langu.

Mwalimu, tembe hizo zina pia asidi ya limau na rangi. Rudia na asidi ya limau peke yake kabla kijana hajatangaza ushindi.

#19 MtuWaRwenzori, Kasese

Ameshanunua malimau kabla sijamwambia.

Wakuu, kuna kitu nimewaficha. Maji ya mto. Tulichota Nyamwamba chini ya makapi, tukatia hamira. Puto limejaa kama la maji ya bomba. Vijana wakashangilia kwamba mto ni salama, mimi nikanyamaza.

#20 SeliNaMaji, Kampala

Ulifanya vema kunyamaza. Nusu kijiko cha hamira ni mabilioni ya seli, na kuta zao zinanasa shaba kama kitambaa kinavyonasa matope. Hata kama maji yana shaba, kila seli inapata kidogo tu. Tena hamira za kuoka mara nyingi zina nakala nyingi za jeni la Cup1, kwa hiyo umempeleka mlinzi mwenye ngao kumi kupima mvua ya mawe. Punguza hamira mara elfu moja, usitie sukari nyingi, usiangalie puto. Ziache kwenye maji ya mto siku moja nzima, kisha uhesabu madoa. Na uweke chupa nyingine ya maji ya juu, kabla mto haujafika mgodini, maana maji ya bomba si mto.

#21 MtuWaRwenzori, Kasese

Tumechota juu na chini leo mchana. Mvua imenyesha mlimani, maji ya chini yana rangi ya chai ya maziwa, tumeyachuja kwa kitambaa mara tatu. Chupa sita, kila moja ina tone la hamira iliyozimuliwa mara elfu. Kijana ameandika lebo kwenye zote: JUU 1, JUU 2, JUU 3, CHINI 1, CHINI 2, CHINI 3. Kwenye kifuniko na ubavuni, dada, vyote viwili.

Sahani tutamwaga kesho saa kumi, tutahesabu keshokutwa. Umeme ukikaa.

#22 KijanaWaNamuwongo, Kampala

Kambi haivunjwi. Naagiza rolex nyingine.

#23 Mama_Ajono, Soroti

Mwalimu, hesabu uzilete hapa, usiwape wa Kampala peke yao.